Kamera ya Ushahidi Katika Pikipiki: Kuichagua, Kuifunga na Kuitunza

Apatapo ajali barabarani, mwendesha pikipiki aghalabu ndiye aumiaye zaidi na ndiye asikilizwaye kidogo. Kwani yeye akiwa amelala chini, au amekwisha kupakiwa kupelekwa hospitali, mwenye gari husimama mzima wa viungo akimweleza askari wa usalama barabarani jinsi mambo yalivyotukia kwa kadiri alivyoyaona yeye, nao waliokuwapo hapo, ambao wengi wao waliinua macho baada ya kusikia kishindo, hutawanyika kila mmoja kwenda kwenye shughuli zake. Tena dhana humtangulia mtu wa bodaboda kabla hajafungua kinywa, kwamba yeye ndiye mwenye haraka, yeye ndiye aliyepita pasipopitika. Kamera ndogo iliyofungwa katika chombo chake haizuii ajali wala haimtibu majeruhi, illa huweka bayana, kwa picha na kwa saa, nani alikuwa upande gani wa barabara kabla ya kugongana. Na ikiwa kosa lilikuwa lake mwenyewe, pia italisema, nayo ndiyo insafu.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza juu ya ung'avu wa picha, na wauzaji huwajibu kwa furaha. Nionavyo mimi, jambo hilo ni la nne. La kwanza ni umeme usiokatika, la pili ni saa iliyo sahihi, na la tatu ni kadi iliyo nzima. Kwani lenzi iliyo bora kuliko zote haina faida siku ya siku ikiwa waya wake ulilegea wiki iliyopita, au kadi imejaa, au tarehe yake yasoma mwaka mwingine. Mwongozo huu, basi, utakawia zaidi kwenye nyaya kuliko kwenye lenzi.

Kwa nini si simu, wala si kamera ya gari

Wako wanaofunga simu kwenye usukani na kuiacha irekodi. Wazo hili lina hasara tatu. Simu huibwa kwa wepesi. Jua la mchana huipasha hata ikajizima. Na mtetemo wa injini huidhuru kamera yake, kwa sababu simu nyingi za siku hizi zina lenzi inayoelea ndani yake ili kutuliza picha, na kiungo hicho kidogo hakikuumbwa kutikiswa saa nyingi kila siku. Kampuni ya Apple yenyewe ilitoa onyo mwaka 2021, ikiwataka wenye iPhone wasizifunge moja kwa moja kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na kwa pikipiki ndogo na skuta watumie kishikizo chenye kupunguza mtetemo.

Kamera ya gari nayo imetengenezwa ikae nyuma ya kioo, mahali pakavu. Mvua moja ya masika yatosha kuimaliza.

Kuchagua

Kamera ya pikipiki huwa na sehemu nne zilizounganishwa kwa nyaya: lenzi ya mbele, lenzi ya nyuma, kisanduku cha kurekodia ambacho hufichwa chini ya kiti, na kitufe kidogo cha usukanini cha kuhifadhi tukio. Nyingine zina antena ya GPS, ambayo huandika mwendo na mahali, na hurekebisha saa kwa kufuata setilaiti. Ukiweza kuongeza fedha kwa kitu kimoja tu, ongeza kwa ajili ya hiyo antena.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha haya:

☐ Lenzi na kisanduku vimeandikwa IP67. Tarakimu ya 6 maana yake vumbi haliingii kabisa; ile ya 7 maana yake chombo huvumilia kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Haina maana kwamba chaweza kustahimili mpira wa maji ya kasi wa kuoshea magari.

☐ Kisanduku chatumia kapasita badala ya betri ya lithiamu. Kapasita huhifadhi umeme wa sekunde chache tu, wa kufungia faili la mwisho waya unapokatika, lakini haivimbi kwa joto.

☐ Kiko kigeuzi cha kushusha umeme kutoka volti 12 za pikipiki hadi 5 za kamera, na kinatoka kwa mtengenezaji yule yule.

☐ Namba ya gari yasomeka kwenye picha ya majaribio. Mwombe muuzaji akuonyeshe picha iliyopigwa usiku, maana ya mchana zote huvutia.

Ama memori kadi, ndiyo sehemu ya bei ndogo iharibuyo kazi kubwa. Kamera huandika juu ya kadi bila kukoma, na ijaapo hufuta vipande vya zamani na kuandika vipya mahali pake. Hivyo kadi ya kawaida ya simu huchakaa upesi. Nunua kadi iliyotengenezwa makusudi kwa kurekodi mfululizo, kwenye duka utakalopewa risiti, kwa kuwa kadi za bandia ni nyingi, nazo hujitangaza kuwa na nafasi ambayo hazina. Lenzi mbili zenye picha ya 1080 zaweza kula takriban GB 10 kwa saa moja. Basi kadi ya GB 64 hushika saa kama sita, na ya GB 128 saa kama kumi na mbili, yaani zamu nzima ya mtu wa bodaboda.

Waya wa moto: hapa ndipo penye kazi

Kutoka kwenye kigeuzi hutokeza nyaya tatu. Katika baadhi ya kamera, mwekundu ni wa umeme wa daima utokao betrini, wa manjano ni wa umeme uwakao kwa ufunguo, na mweusi ni wa bodi, yaani upande wa hasi. Nimesema baadhi. Soma karatasi iliyomo kwenye boksi, maana watengenezaji hawakuafikiana wote.

Ule wa manjano ndio uiambiao kamera kwamba safari imeanza, na ndio mafundi wengi huutafutia njia ya mkato. Fundi mwenye haraka huushika waya wa taa kubwa kwa kuwa uko karibu, akaunganisha, kamera ikawaka, akapokea ujira wake. Hapo pana hatari. Katika pikipiki nyingi ndogo, hususa za zamani, taa kubwa haipati umeme wake betrini bali moja kwa moja kwenye koili ya injini, nao ni umeme wa AC, upandao na kushuka kwa kadiri unavyovuta mafuta. Na kamera yataka umeme wa DC uliotulia. Kuitambua hali hii si kazi: washa ufunguo bila kuwasha injini, kisha washa taa kubwa. Ikiwa haiwaki mpaka injini ingurume, na mwanga wake unang'aa ukivuta mafuta na kufifia ukiyaachia, basi waya huo usiuguse kabisa. Tafuta waya unaopeleka umeme kwenye honi, au kwenye flasha ya indiketa kabla haujaingia kwenye flasha yenyewe, au kwenye swichi ya breki; hizo kwa kawaida hula betrini kupitia ufunguo.

Kisha usiamini macho wala rangi ya waya. Pima kwa mita ya umeme.

1. Weka mita kwenye volti za DC, na ncha nyeusi uigusishe kwenye hasi ya betri.

2. Gusa chanya ya betri. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12.4, ichaji kwanza kabla ya kuendelea.

3. Washa ufunguo, injini ikiwa imezimwa, kisha gusa waya ulioukusudia. Usomaji ukaribie ule wa betri. Zima ufunguo, usomaji lazima uanguke hadi sifuri. Usipoanguka, waya huo ni wa daima, na kamera itakunywea betri usiku kucha.

4. Washa injini, vuta mafuta kiasi. Usomaji upande hadi kati ya 13.5 na 14.5 na utulie hapo. Ukivuka 15, rektifaya ni mbovu. Itengenezwe kwanza, ama sivyo utaiunguza kamera na betri kwa pamoja.

5. Sasa zima, toa ufunguo, na ufungue kichwa cha hasi cha betri kabla ya kile cha chanya. Sababu ni kwamba spana ikiteleza kwenye chanya na kugusa fremu, ilhali hasi bado imefungwa, itapiga cheche na huenda ikayeyuka mkononi mwako.

6. Unganisha mweusi kwenye hasi ya betri yenyewe. Usiufunge kwenye boliti yoyote ya fremu, kwani rangi na kutu hudanganya.

7. Unganisha mwekundu kwenye chanya, ukiutilia fyuzi ya ampea 2 karibu na betri kadiri iwezekanavyo. Waya wote ulio baada ya fyuzi umelindwa. Ulio kabla yake haukulindwa.

8. Unganisha wa manjano kwenye waya uliokwisha kuupima, nao pia kwa fyuzi, kisha rudisha chanya ya betri, na hasi iwe ya mwisho.

Viungo vyenyewe viminywe kwa koleo la kuminyia ndani ya vikopo vyake vya shaba, halafu vifunikwe kwa mpira unaonywea kwa moto. Risasi ya kulehemu huufanya waya kuwa mgumu mahali pamoja, na kwa mtetemo wa kila siku hukatika kando ya ule ugumu. Kuhusu kusokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia tepu, sina haja ya kusema zaidi ya kwamba gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la chini ya kiti, na tepu hufunguka yenyewe.

┌ HADHARI ┐
Usiruhusu kamera irekodi pikipiki ikiwa imeegeshwa. Kamera ya lenzi mbili huvuta takriban wati 5, yaani karibu ampea 0.4 kwa volti 12. Kwa saa kumi za usiku ni ampea-saa 4, na betri nyingi za pikipiki za kazi hazizidi sana hapo. Tendo hili lizime kwenye mipangilio, au uache kabisa kuunganisha waya wa daima ikiwa karatasi ya maelezo yaruhusu.
└────┘

Mahali pa lenzi

Katika pikipiki nyingi za kazi, kama vile Boxer na TVS HLX, taa kubwa huzunguka pamoja na usukani. Lenzi iliyofungwa chini ya taa hiyo nayo huzunguka. Kwenye njia kuu jambo hilo halina neno, kwa kuwa usukani hauzunguki sana penye mwendo, lakini kwenye makutano na mizunguko ya mitaani, mahali ambapo mtu wa bodaboda hushinda siku nzima, picha huyumba na kuangalia ukuta wakati gari linakuja kutoka upande wa pili. Kwa hiyo mimi hupendelea sehemu ya juu ya gadi ya mbele, ambayo imeshikana na fremu, kwa sharti kwamba boliti za gadi zimekazwa barabara, na lenzi ikae upande wa katikati ya njia: kulia kwa Tanzania, Kenya na Uganda tunakoendesha kushoto, na kushoto kwa Rwanda, Burundi na Kongo.

Lenzi ya nyuma ikae chini ya taa ya breki, juu ya madigadi. Ukiifunga juu ya keria itazibwa na abiria, na ukiifunga chini sana itapakwa tope. Mtu abebaye magunia ya mkaa au kreti za soda na apange mzigo wake wa kawaida kwanza, kisha ndipo atoboe tundu, maana gunia lililoning'inia hufunika mahali ambapo gereji palionekana peupe.

Zielekeze lenzi zote mbili ili mstari wa upeo ukate picha katikati au juu yake kidogo. Anga likiwa kubwa, kamera hupunguza mwanga kwa kulifuata, na barabara ikawa kiza. Nawe wataka barabara.

Usafi kabla ya kubandika: gundi ya pande mbili haishiki penye mafuta. Safisha kwa spiriti, acha pakauke, bandika, kandamiza, na usisafiri mpaka kesho yake. Penye skurubu, tumia skurubu.

Kupitisha nyaya

Waya wa mbele upite chini ya tangi, ukiufuata mkungu wa nyaya za asili, mbali na silinda na bomba la moshi. Usukanini uache ulegevu. Kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, ukitazama kwa tochi shingo ya usukani inavyoufanya waya ule: usivutike, usibanwe, na wala usisongane na kebo ya mafuta. Jambo hili la mwisho si la kamera tena bali la uhai, kwa sababu waya ulioikaba kebo hiyo waweza kuishikilia mahali ilipo wakati unataka kupunguza mwendo.

Kabla waya haujaingia kwenye kisanduku, uache ushuke kidogo halafu upande, ili maji yanayotambaa juu yake yadondoke hapo chini yasiingie ndani. Kisanduku kikae juu ya sifongo, mahali penye hewa, wala si juu ya betri. Antena ya GPS itazame juu, na kitu kilicho juu yake kiwe plastiki au kiti, bati huiziba.

Mipangilio

Weka saa kwanza. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya wakati wa dunia, Rwanda na Burundi saa 2. Tena kumbuka kwamba kamera huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi huihesabu kuanzia mapambazuko na magharibi. Hivyo picha itasema 14:20 na wewe utamwambia askari saa nane na dakika ishirini mchana. Utoapo maelezo, vitaje vyote viwili na uhakikishe vimeandikwa, wakili asije akajifanya kuona tofauti mahali ambapo hakuna.

Vipande viwe vya dakika 3. Kitambuzi cha mshtuko kiweke kwenye daraja la chini kabisa: kikiwa kikali, kila tuta na kila shimo kitalihesabu kuwa ajali, na faili lake kitalifunga lisifutwe, mpaka kadi ijae mafaili ya matuta na kamera ikatae kuandika. Sauti izime. Upepo huifanya isisikike, na mazungumzo ya abiria wako si mali yako.

Mara moja kwa mwezi, baada ya kuhifadhi unachokitaka, futa kadi yote kwa kutumia kamera yenyewe. Kila asubuhi panguza lenzi kwa kitambaa laini kilicholowa, na utazame taa ya kurekodi kabla ya kuingiza gia.

Mipaka ya sheria

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022, na Kenya inayo ya kwake ya mwaka 2019. Kurekodi barabara kwa ajili ya kujilinda ni jambo moja. Kuchukua sura ya abiria au ya mtu aliyegongwa na kuitawanya kwenye makundi ya WhatsApp ni jambo jingine, nalo laweza kukutia hatarini wewe mwenye haki. Mweleze abiria kwamba chombo kina kamera. Ufikapo kwenye kambi ya jeshi au mahali palipoandikwa kwamba picha haziruhusiwi, izime.

Ikitokea ajali

1. Mwokoe mtu kwanza. Kamera ingoje.

2. Bonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha zima ufunguo. Ukiiacha kamera iendelee kurekodi saa nyingi, yaweza kuandika juu ya tukio lenyewe.

3. Toa kadi, tia nyingine. Kadi ya akiba ikae mfukoni mwako siku zote.

4. Nakili faili bila kulikata, kulipunguza wala kulitilia maandishi, na kadi ya asili uihifadhi kama ilivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, huitaka mahakama itazame jinsi ushahidi wa namna hii ulivyotengenezwa na kutunzwa. Na Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi chataka hati iliyotiwa saini ieleze kumbukumbu ilivyopatikana na kwa chombo gani. Faili lililotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa na kupoteza habari zake za ndani, kwa hiyo lisiwe ndilo pekee ulilo nalo.

5. Andika siku hiyo hiyo, kwa mkono wako: tarehe, saa, mahali, nani aliitoa kadi, nani alikuwapo. Ukimkabidhi askari nakala, omba maandishi ya kuipokea. Ikiwa uko Tanzania na umeumia, chukua fomu ya polisi iitwayo PF3 kituoni kwao. Picha haichukui nafasi ya hati hiyo.

6. Mwarifu wakala wako wa bima kwa maandishi, na umwambie kwamba picha ipo.

Nawe ukipita njiani kamera yako ikanasa ajali ya watu wengine, usijisemee kwamba hayakuhusu. Funga faili, simama, mpe askari au jamaa za majeruhi namba yako ya simu, kwani yule aliyelala barabarani huenda chombo chake hakina kamera.